Benchi la Wagonjwa wa Nje

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na goti la mama? Mimi mwili mzima, ila aibu imenilaza hoi.

Hapa ghalani wanatafuta msimamizi wa zamu, na bosi kasema hataki mtu wa kunong'ona. Basi nimejiunga na klabu ya kujifunza kuhutubia, ukumbi wa juu ya duka la rangi. Kuna mtu kazi yake ni kugonga kengele kila ukisema "eee". Jana ilikuwa hotuba yangu ya kwanza, na kengele ilisema mengi kuliko mimi. Nilikwenda kulia chooni. Nadhani nitaacha.

Kitinda mimba wako

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, maana yake bado kiko kazini. Mama yako anakusalimu, yeye na goti lake.

Usiache. Nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui, na libaki kwetu wawili. Mwaka ule ulipoanza sekondari, kiwanda cha mikate kilinipunguza. Nilishindwa kumwambia. Kila asubuhi nilivaa sare, nikachukua chakula alichonifungia, nikaenda kukaa hospitali, benchi la wagonjwa wa nje. Pale hakuna anayekushangaa. Nesi akinitazama sana namwuliza, "Bado hawajaniita?" Ikawa hivyo miezi mingi, hadi nilipopata kazi kwingine. Jioni njiani nilikuwa nayapanga maneno vizuri kabisa. Nikifika mlangoni, mdomo umefungwa. Sitaki urithi mdomo huo.

Baba yako, mzee wa kikohozi

30 Mei

Baba,

Shikamoo! Hamjambo wote? Mimi sijambo, tena sana. Nimeshinda! Yalikuwa mashindano ya klabu zote, watu walisimama kunipigia makofi. Klabu imenichagua mwenyekiti, na kazini nimepewa ule usimamizi wa zamu.

Yote ni kwa ajili yako. Nilisimulia habari ya benchi. Niliigiza hata ulivyokuwa ukimwuliza nesi, ukumbi ukaangua kicheko, kisha nikawaliza. Kila mtu ananiambia nina baba wa ajabu. Video iko kwenye ukurasa wa klabu.

Kitinda mimba wako

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Natumai u mzima.

Video tumeiona. Jirani alimwonyesha mama yako jikoni, akidhani anamletea furaha. Mama yako aliitazama hadi mwisho. Aliniuliza neno moja tu: kile chakula nilikuwa nakila na nani. Sasa analala chumba chako.

Umesema vizuri, sikatai. Sauti inafika hadi nyuma. Lakini walipocheka nilijiona nimekaa pale tena, na safari hii wote wanajua kwamba siumwi. Nilikupa lile likutie nguvu, sikukupa ulitembeze.

Baba yako

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nisamehe. Niliona makofi tu, sikukuona wewe.

Video tumeiondoa. Klabuni nilisimama bila karatasi nikawaambia hotuba ile haikuwa mali yangu. Tumeweka kanuni: hakuna kusimulia jambo la mtu bila ruhusa yake. Nilitaka kuacha uenyekiti, wamekataa. Mama nimempigia, tumelia wote. Wewe hupokei simu.

Kitinda mimba wako

20 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mama kanipigia. Kumbe ulilazwa, wakakutoa maji kifuani! Anasema hata sasa unalala umeketi, ukitafuta pumzi. Mbona mimi sikusikia kwako? Zamani ulikuwa unaniambia hata ukiota ndoto mbaya. Naomba uniandikie. Nigombeze, nitukane, lakini niambie unajisikiaje. Nimeomba likizo, neno moja tu nakuja.

Kitinda mimba wako

28 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi sote ni wazima wa afya. Mama yako hajambo. Mimi sijambo, kifua hakina neno. Mvua zimeanza. Usijisumbue kusafiri, una kazi.

Tunatumai nawe hujambo. Hapa hakuna jipya.

Baba