Basi Lililompasha Joto Nyanchera

Nyumbani kwa Mzee Nyamongo,
Nyansiongo,
S.L.P. 37, Keroka.

Jumapili, 6 Mei 1973

Mpendwa shemeji yangu Manasseh,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, kuanzia nyumba ya Baba na Mama mpaka huku kwangu na kaka yako Ombui. Je, hali yako huko India? Lile joto ulilolilalamikia kwenye barua ya mwezi wa tatu limepungua, au ndiyo kwanza linaanza? Na tumbo limezoea pilipili? Mama huniuliza unakula nini huko, nami humjibu kwamba umenenepa, maana nikimwambia vingine hatalala.

Sisi huku ni wazima. Neno hilo nimeliandika polepole, shemeji, kwa sababu mwezi uliopita kulikuwa na siku ambazo nisingethubutu kuliandika.

Najua telegramu ya Ombui ilikufikia: mtoto msichana, mama mzima, barua yaja. Najua pia kwamba umeisoma mara nyingi ukitafuta yale yasiyosemwa. Sasa nakusimulia. Usiogope unaposoma, kwa kuwa mwisho wake unaujua tayari. Binti yako amelala hapa kitandani kwangu wakati ninapoandika, na Marion yuko nje anaanua nguo.

Nianze na basi, maana bila basi sina cha kusimulia. Ulipoondoka lilikuwa bado limesimama kwenye nyasi vile lilivyoletwa na trekta, halina giaboksi, limebaki na injini tu na maandishi ya Kisii–Kericho juu ya kioo. Ombui aling'oa viti vyote isipokuwa kile cha dereva, akaliinua juu ya magogo, akaniwekea meza mbili na cherehani zangu. Ndimo ninamowafundisha wasichana kushona. Na kwa kuwa stima tuliyoletewa juzi hukatika kila mvua kubwa inapopiga, alivuta waya kutoka kwenye betri ya basi, akaupitisha dirishani, akatundika taa ya basi juu ya meza yetu ya chakula. Stima ikienda, tunawasha injini kidogo, betri inajaa, nasi tunakula tukionana.

Baba hakulipenda hata siku moja. Alisema boma lenye basi lisilo na magurudumu linafanana na gereji, na kwamba wazee wenzake wa kanisa wakipita wanageuza nyuso wasicheke mbele yake. Ngazi yake hakuwahi kuikanyaga. Mwishoni mwa mwezi wa tatu alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Sotik, wakapatana aje alikatekate mvua ikipungua. Ombui hakubishana na baba yake. Mimi nikaanza kufikiria cherehani nitazipeleka wapi.

Basi ndivyo tulivyokuwa, Marion aliposhikwa na uchungu miezi miwili kabla ya wakati wake. Ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa imesomba daraja la kuelekea Keroka, na hakuna gari ambalo lingevuka kumpeleka Kisii. Tukamwingiza nyumbani kwangu, tukamwita Persis, yule nesi wa zahanati anayekaa ng'ambo ya shamba la Onyancha. Alikuja peku, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Mtoto alizaliwa kabla giza halijaingia. Nilipompokea nilihisi kama nimeshika kifaranga aliyenyeshewa. Alilia, lakini kilio chake hakikufika hata mlangoni.

Persis alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu kazi yake ni kupumua tu. Kazi ya kupata joto tutamfanyia sisi."

Aliniomba sanduku la majani chai. Chini yake akaweka balbu za stima, juu yake ubao wenye matundu, juu ya ubao pamba nyingi, na katikati ya pamba akamlaza binti yako na kipimajoto kando yake. Tulimnywesha maziwa ya mama yake kwa kitone, tukitumia kile kikamulio cha dawa ya macho ya Mama. Jumatano yote alikaa humo, na mashavu yake yakaanza kuwa na rangi ya mtu. Nilianza kuamini.

Alhamisi mchana ikaja mvua ya mawe. Umezaliwa hapa, unajua mawe ya huku, lakini haya hujayaona. Majani chai ya Onyancha yalibaki vijiti vitupu. Upepo ukang'oa mabati ya jikoni kwangu na kuyatupa kwenye mahindi, na maji yakajaa mekoni. Halafu radi ikapiga upande wa kiwanda cha chai, nguzo zikaanguka, na balbu ndani ya sanduku zikazimika.

Tulifanya yote tuliyoyajua. Marion alikuwa na homa, anatetemeka hata kikombe hakishiki, kwa hiyo mtoto nilimweka mimi kifuani ndani ya nguo na kujifunika mablanketi. Tulikuwa na maji moto kwenye chupa za soda, yakapoa, na moto wa kuchemshia mengine haukuwapo. Mama alileta makaa kutoka kwake kwenye sufuria, Persis akamrudisha mlangoni kwa sababu ya moshi. Nyumba yote ilikuwa na baridi ya barafu. Mawe yalikuwa yamelala nje hadi kizingitini. Nilihisi miguu ya mtoto tumboni kwangu inazidi kuwa baridi.

Ombui alikuwa amesimama akiitazama ile taa ya basi tuliyokuwa tumeiwasha juu ya meza. Akaniambia baadaye kwamba aliinua mkono kuigusa, ikamchoma, ndipo akili ikamjia. Alimgeukia Persis.

"Unataka joto kiasi gani?"

"Kama la kwapa la mtu mzima," Persis akamjibu. "Lisizidi na lisipungue."

Alitoka mbio. Alifungua taa za nyuma za basi, za breki, na zile za ndani juu ya madirisha, akazipanga juu ya kipande cha ubao na kuziunga kwenye ule waya wa dirishani. Tukazitia sandukuni mahali pa balbu. Ziliwaka nyekundu kama makaa yanayokufa. Betri ilikuwa imechoka, maana tulikuwa tumeitumia siku mbili nyuma, stima ilipokatika kwa muda. Akaenda kubonyeza stata. Basi likakohoa mara moja likanyamaza.

Gari lisilo na giaboksi huwezi kulisukuma likawaka. Kilichobaki ni kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, mbele. Nilimwona kupitia dirishani akizungusha huku anateleza kwenye mawe, injini ikarudi nyuma kwa nguvu, na chuma kikampiga kifundo cha mkono. Aliinama akiushika. Hapo nikamwona Baba anakuja kutoka nyumbani kwake, amejifunika gunia kichwani. Walisimama karibu na dirisha letu, kila neno nililisikia.

"Nipe hicho chuma," Baba akasema.

"Baba, kinarudi nyuma. Kitakuvunja mkono."

"Basi tukishike wote wawili."

Walizungusha pamoja. Sijui mara ngapi. Mimi nilikuwa ninaomba bila maneno. Kisha injini ikanguruma, taa ndani ya sanduku zikageuka kutoka nyekundu zikawa za manjano, halafu nyeupe, na Persis akaniambia, "Mlete sasa."

Lakini injini ilikuwa ikipungua nguvu kila baada ya muda na taa zikififia, kwa hiyo ilihitaji mtu wa kuikanyagia mafuta. Ombui mkono ulikuwa umevimba, tena Persis alimtaka ndani awe akiongeza taa na kupunguza. Baba akapanda ngazi, akaketi kwenye kiti cha dereva. Hajawahi kuendesha hata baiskeli. Ombui alimwonyesha mguu uwe wapi. "Ukiona mshale huu unashuka, kanyaga kidogo. Kidogo tu."

Wewe unazijua mila zetu, shemeji. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mjukuu wake alikuwa upande wa pili wa ukuta, kati ya kufa na kupona, naye asingeweza kuja kumtazama. Kile kiti kilikuwa mahali pa karibu zaidi alipoweza kufika. Alikaa hapo mchana ule na usiku wake, koti limelowa mwilini mwake. Ombui alipotaka kumpokea alimwambia aende akaangalie taa. Kila mara injini iliposikika vizuri, aliuliza kupitia dirishani, "Anapumua?" Nami nikamjibu, "Anapumua, Baba." Hatukuzungumza lingine.

Asubuhi petroli ilikuwa karibu kwisha. Onyancha alikuwa amesikia ngurumo usiku kucha akadhani tuna wazimu, akaja kuuliza. Tulimwonyesha sanduku. Alirudi kwake, akafyonza petroli yote iliyokuwa kwenye gari lake lililokwama matopeni, akatuletea kwenye debe. Siku zilizofuata watu wengine walileta, huyu chupa, yule mtungi. Ombui alichaji betri vizuri tukawa tunaweza kuizima injini na kuiwasha kwa zamu. Sabato ilimkuta Baba humo humo. Waumini walipotoka kanisani walipita hapa, wakasimama uani kuomba pamoja naye akiwa kitini, mguu wake haukutoka mahali pake. Na hakuna aliyegeuza uso.

Homa ya Marion ilishuka baada ya sindano za Persis. Siku alipoweza kuketi aliomba sanduku lisogezwe, akaweka kidole ndani na mtoto akakishika. Alilia sana, nami sikumzuia.

Daraja lilipotengenezwa tuliwapeleka wote wawili hospitali. Daktari alimpima mtoto mbele na nyuma, akawaweka huko kwa muda, kisha akaturudishia watu wetu. Aliuliza alilelewa wapi siku za kwanza. Ombui alipomweleza aliweka kalamu chini akamwomba aeleze tena toka mwanzo.

Siku tuliporudi, Mama alimbeba mtoto akamtoa uani ili Baba amwone. Baba alimfunua uso, akamtazama, akatazama basi, akamtazama tena. "Ni mdogo kuliko kelele zote zile," akasema. Kisha akaingia nyumbani kwake, na Mama anasema alilala tangu jioni ile hadi kesho yake saa sita bila kugeuka.

Yule mnunuzi wa vyuma alikuja wiki iliyopita na misumeno yake. Baba alimkuta langoni kabla sisi hatujamwona. Nilichosikia Baba akimwambia ni kwamba basi lina kazi. Walikunywa chai, mtu wa watu akaenda zake. Stima nayo imerudi, nguzo mpya zimesimamishwa. Ombui ameweka petroli ya akiba, na amenunua betri nyingine.

Jina ni Nyanchera. Mama ndiye aliyesema kwamba aliyelelewa na kitu cha barabarani aitwe la barabarani, na Marion akalipenda. Jina la kanisa tumekuachia wewe, kwa hiyo lituletee katika barua utakayojibu. Ana paji la uso lako. Sauti si yako, ni ya Marion, na sasa inafika mlangoni na kupita. Wewe soma kwa bidii, usivunje masomo kurudi. Aliyekuhitaji sana mwezi wa nne amevuka.

Jana jioni mvua ilinyesha tena, na stima ikakatika tulipokuwa tunakula. Nilishtuka, nikarudisha tonge sahanini. Marion alikuwa ananyonyesha kwenye kona. Gizani nilimsikia mtoto anameza, anameza, hajali kitu. Ombui alisukuma kiti chake ainuke aende kwenye basi, na Marion akamwambia kwa utulivu, "Kaa ule, shemeji. Hatuna haraka." Akakaa. Tukamaliza ugali na mboga ya chinsaga gizani, tukisikiliza mvua, na hakuna aliyeinuka.

Baba na Mama wanakusalimu. Ombui anakusalimu, mkono umepona ila hawezi kukunja ngumi vizuri. Persis anataka umletee kitambaa cha hariri, nami nasema anastahili robota zima. Onyancha pia anakukumbuka. Marion ameandika barua yake mwenyewe, nimeitia katika bahasha hii bila kuisoma.

Mungu aliyetulinda sisi kwenye mvua akulinde na wewe kwenye jua la huko, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako yote.

Ni mimi shemeji yako akupendaye siku zote,

Bonareri