Baba Alinyolewa Akikusubiri

Munisagara, Kilosa

Kaka Laurent,

Shikamoo. Mvua zimenyesha na mahindi yamebeba. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika.

Baba tumemzika Jumanne. Wenzake wanne wa vita ya Kagera walimpigia saluti kaburini. Mmoja wao, Mzee Paulo, alisimulia ulivyoumwa na nyoka ukiwa na miaka sita, baba akakubeba mgongoni akifuata reli mpaka hospitali, kwa mguu ule ule uliopigwa risasi vitani. Watu wakawa wanageuka kukutafuta.

Ijumaa nilipokupigia huko Mikumi kukuambia baba amezidiwa, ulisema, "Nipo njiani." Nikamwambia baba. Akaomba anyolewe, avalishwe shati, akalishwe kitini mlangoni.

"Siwezi kumpokea mwanangu nimelala," alisema.

Jumamosi akakaa. Jumapili akakaa, jioni akaniuliza, "Winnie, kwani Mikumi imehama?"

Nikamjibu kwamba barabara imekatika. Jumatatu asubuhi akafa akiamini hivyo. Uongo wangu nimeshauungama kwa padri. Wako njoo uuseme mwenyewe kwa mama, maana anakuulizia kila siku na mimi sikusemei tena.

Mdogo wako,
Winnie