Sarafu Ndani ya Plastiki

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba. Huku Nyamiaga tu wazima, bibi yako anavuna maharage. Unauliza kama uvunje kasha la plastiki ushike sarafu aliyokuachia marehemu baba yako.

Miaka ya wakimbizi nikiwa mwandishi wa habari, mama mmoja wa kambini alileta sokoni sarafu ya madini ya fedha, apate dawa ya mwanawe. Mumewe, aliyeuawa njiani, alikuwa ameifunga kwa plastiki aliyoiyeyusha kwa moto.

“Siinunui bila kuigonga nisikie kama ina mlio wa fedha halisi,” mchuuzi mmoja alisema. “Kata, mama.”

“Kata wewe, baba. Mimi siwezi.”

Akakata, akagonga, akalipa. Mama aliokota plastiki, yenye alama ya kidole cha mumewe. Mtoto hakupona.

Vunja ukipenda. Ila baba yako hakuwahi kuigusa sarafu hiyo; aliipata ikiwa tayari imefungwa. Alichoshika miaka yote ni kasha.

Babu yako