Nililifunga Lango Mimi, Jirani Akaitwa Mama Kufuli

Mama Kamikazi mpendwa,

Nakuomba unisaidie, na upesi kidogo, kwa sababu daktari amenipa dawa za moyo lakini safari hii hakunipa tarehe ya kurudi, nami nilifundisha miaka thelathini na saba, najua maana ya mwalimu kutotoa zoezi la kesho. Nina miaka themanini na mbili, naishi Gisenyi, karibu na kivuko cha mpaka wa Kongo, Petite Barrière. Kisa changu kilianza Januari 2002, siku volkano ilipolipuka na watu wa Goma wakaja kwetu kwa miguu, magodoro kichwani, nami niliyewahi kupokelewa Masisi, huko Kongo, na watu nisiowajua nikiwa mkimbizi wa miaka kumi na sita, nikafunga lango langu kwa komeo na kufuli, nikazima redio ili nionekane sipo.

Jirani yangu, nitamwita Illuminée, muuza viazi vya Busasamana, alifungua lake, akaingiza watu ishirini na tisa, kisha akaja kunigongea.

"Mwalimu, fungua. Iko batu inje na batoto. Moto haitafika hapa."

Sikujibu.

"Mwalimu, naona viatu yako chini ya mulango."

Hata hapo sikujibu. Nilifungua kesho yake saa nne asubuhi, watu wakiwa wamekwisha kula kwake, nikapokea familia moja.

Wiki hiyo akaja mtu wa redio na kinasa sauti, akaanza na Illuminée, lakini Illuminée husimulia kama anavyochambua maharage, kila punje huitazama pande zote mbili, akaanza na sufuria aliyoazima kwa shemeji yake, mtu wa redio akatazama saa, akasema, "Mama, nina dakika mbili," naye akajibu, "Bon, ngoja basi nimalize ya sufuria." Mtu wa redio akanigeukia mimi mwenye sauti ya darasani. Nilisema "tulifungua malango", sikudanganya sana, ila kisa kilipokatwa watu wawili hawakuenea, nikabaki mimi. Jarida la parokia likataka picha, na picha inataka mtu mmoja na kitu kimoja, nikasimama mkono kwenye komeo. Miaka kumi baadaye shule ikatengeneza mchezo wa kuigiza, na mwalimu mwenzangu Niyonshuti aliyeuandika akaniambia, "Mzee, jukwaani lazima mmoja afunge ndipo mwingine afungue, la sivyo watu watalala." Nilijua ni nani aliyefunga. Nikanywa chai yangu.

Wakamvika msichana kitenge na kufuli kubwa la kadibodi, akawa jirani mwenye roho mbaya. Illuminée alikaa safu ya mbele, akacheka hadi akajifuta machozi, lakini tangu siku hiyo watoto wa mtaa humwita Mama Kufuli, na watoto hao sasa ni wazazi, na bado wanamwita hivyo.

Sasa mjukuu wangu Akaliza anataka kunichukua video kwa simu Jumapili. "Sogokuru, dakika moja tu. Ufungue lango, utabasamu, mimi nitaweka muziki." Nimepanga kukubali, maana ukweli nimeshauandika, kurasa mbili, ziko kwenye bahasha pamoja na suti yangu ya mwisho, zisomwe makaburini pale wanaposoma historia ya marehemu. Je, hiyo haitoshi? Namwogopa Illuminée kuliko ninavyoogopa kufa. Kila asubuhi akipita na viazi hunisalimu dirishani, "Mwalimu, we iko tu?" nami hujibu kwamba niko.

Mwalimu wa Gisenyi

JIBU

Mwalimu, pokea heshima zangu kwanza, kwa sababu yanayofuata si matamu. Nilicheka nilipofika kwenye viatu chini ya mlango, kisha sikucheka tena.

Unailaumu redio kwa dakika zake, jarida kwa picha yake, jukwaa kwa mtu wake mbaya. Ni kweli, kila chombo kina upana wa koo lake, na kisa kisichopita hukatwa. Hata mimi, barua yako ilikuwa kurasa sita, umeona nilichobakiza. Lakini Niyonshuti alikuwa mbele yako, hana saa wala kamera, nawe ukanywa chai. Hilo si kosa la jukwaa. Kuogopa volkano nakusamehe, hata mimi ningeweza kujifungia. Ile chai siisamehe, wala si mimi wa kuisamehe.

Na hizo kurasa za makaburini, mzee wangu, umezipangia mahali kwa akili ya mtu aliyesoma: pale unaposema wewe na hakuna anayeweza kukujibu. Illuminée atasimama juani, watu wote wamgeukie, naye amgombeze nani? Sanduku? Zitoe kwenye bahasha leo.

Gazeti hili hufika Gisenyi Jumamosi kwa basi la asubuhi. Majina yamebadilishwa, lakini Mama Kufuli hawako wawili mtaani kwenu. Ndiyo maana nimekusomea jibu hili kwa simu Jumanne: una siku nne. Akiupata ukweli kwangu kabla ya kuupata kwako, utakuwa umemfungia tena.

Usiende na karatasi, utahutubia. Miguu ikikataa, mwite anapopita dirishani, aweke viazi chini. Mwambie, "Nilifunga mimi, na nilinyamaza walipokuvika wewe kufuli." Kisha funga mdomo, ajibu kwa urefu anaoutaka, hata akianza na sufuria ya shemeji. Akikutukana, kaa. Akicheka, kaa vilevile, na usidhani kucheka ni kusamehe. Ulijidanganya hivyo mara moja.

Niyonshuti na Akaliza waambie wewe mwenyewe, siku hiyohiyo. Video ni ya Illuminée kuikubali au kuikataa. Akikataa, haipo. Akikubali, Akaliza aache muziki nyumbani, aende kwake na simu yenye chaji ya kutosha, amwache achambue maharage yake yote.

Na kama atataka lango lako lionekane, basi liwe limefungwa, wewe uwe ndani na viatu vyako, naye agonge. Safari hii mjibu.

Mama Kamikazi