Bomba la Kumi na Saba

Jumapili, 22 Machi 2026
Chakula cha mchana kwa Baba. Viazi, jibini laini, mafuta ya kitani – kama kila Jumapili. Pasaka inakaribia, meza imejaa mayai aliyoyapaka rangi, anayakwaruza maua kwa kisu. Akaniuliza kama jua letu la kwenye chupa limeshaiva. Alipokuwa kijana waliambiwa bado miaka thelathini. Leo bado thelathini. Nilipandwa na mori! Nikamwambia makaa yake ya mawe yamekwisha, na ile dohani ya kituo cha umeme alichokitumikia miaka thelathini na minane iliangushwa kwa sekunde tisa. Mtambo wetu umekaa katika jumba la kituo hichohicho. Tunaunganisha chembe za hidrojeni kama jua linavyofanya, na siku moja zitawasha taa zake. Akasema siku hiyo atakuwa kaburini. Basi wajukuu zake watakuwa hai, nikamjibu. Hatukuagana vizuri.

Jumanne, 24 Machi
Nimepima viungo vya mabomba ya kupoozea mtambo. Paka rangi nyekundu, futa, nyunyiza unga mweupe, subiri kama rangi iliyojificha ndani itatokeza tena. Bomba la kumi na saba – nyekundu ikachungulia. Mstari mwembamba, urefu wa kidole. Nikarudia mara tatu. Ufa. Na wiki hii, Mungu wangu!

Jumatano, 25 Machi
Mkuu wetu, Röder, ameniita ofisini. Ijumaa wageni wa serikali kutoka Berlin wanakuja kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Anataka fomu yangu isome "mkwaruzo". Wakishaondoka, bomba litakatwa na kuchomelewa upya, ameapa.

"Hanka, ukiandika ufa umetuua sisi wafanyakazi wote themanini."

Si mtu mbaya. Anaogopa, na mimi naogopa. Nikamwomba anipe mpaka kesho. Kwa nini nilisema hivyo? Najikasirikia.

Alhamisi, 26 Machi
Asubuhi, kabla ya kazi, nilimpelekea Baba picha ya kiungo. Mabomba ya tanuri ndiyo yalikuwa kazi yake. Nilijiandaa kuchekwa. Akavaa miwani, akaiweka picha kando ya yai lake.

"Mkwaruzo unaishia kwenye rangi, mwanangu. Huu umepita mpaka ndani."

Kicheko hakikuja. Akauliza nitaandika nini. Ufa, nikasema, kabla hata sijajua kama nimeamua. Basi watawafungia mradi, akasema. Nikamjibu: wakitufungia kwa ukweli nitaanza tena kwingine, hata kwa bomba moja! Wakituacha kwa uongo, basi miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa sahihi – na ushindi huo simpi ng'o. Hapo ndipo alipocheka.

Saa tatu fomu ilikuwa mezani kwa Röder. UFA. Sahihi yangu chini.

Ijumaa, 27 Machi
Röder hanisemeshi. Ukumbi umefagiliwa, maua mlangoni. Fomu kaifungia kwenye droo. Ninayo nakala. Na bomba sikulifuta. Mkubwa wa wageni, mama mmoja mwenye mvi, akasimama hapohapo, akauliza ile nyekundu ni nini. Röder akanitazama, kisha akasema wapande juu kwanza wanywe kahawa.

Sasa wameniita. Nakala iko mkononi. Mfukoni nina yai alilonipa Baba jana, amelikwaruzia picha ya jua. Karani anasema yule mama ana swali moja kwangu mimi mkaguzi: mtambo huu unastahili kuendelea?

Ndiyo! Nitaanza na ndiyo. Halafu namwekea ufa mezani.