Jino Lililorushwa Juu ya Bati

Kwa Lerionka,
Ngaramtoni,
Arusha.
22 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Ebenezer,

Pokea salamu za baba yako, mwanamume ambaye jana alikaa kwenye kiti cha daktari wa meno mjini akang'olewa gego zima bila kupepesa jicho, kama vile alivyotolewa kimila meno mawili ya chini kwa kisu utotoni bila kutoa sauti. Wazee wa aina hiyo wamebaki wachache. Nakadiria tumebaki mmoja.

Haya, nimesema uongo. Jicho lilipepesa, na miguu pia. Hata ile habari ya kisu si kweli. Yule bibi aliyenitoa meno nilimng'ata kidole, na mpaka anakufa alikuwa akinionyesha kovu kila tukikutana kanisani. Nilitaka tu uanze kusoma ukiwa umekaa kwa adabu, maana najua ukiona mwandiko wangu unacheka kabla hujafika kwenye tarehe.

Hujambo lakini? Joto la Mtwara limepungua? Mkeo Hope, na yule mdogo ambaye bado hajajua kwamba ana babu mzuri hivi, wote wazima? Sisi huku tuko salama. Baridi ya Juni imekaa, Meru hatujauona siku nne, umejifunika kama mgonjwa. Mama yako miguu inamsumbua asubuhi, ulimi haumsumbui saa yoyote. Ng'ombe wanne wazima, na kahawa ile ya nyuma ya nyumba imeanza kuiva.

Sasa, najua mama yako alikupigia simu akakwambia nimelitupa jino la mwanao. Ni kweli nililitupa. Lakini simu anaishika yeye na salio analimaliza yeye, mimi nikifikiwa nakuta imekata. Ndiyo maana nimechukua kalamu nieleze upande wangu taratibu, mtu asinikatize. Kama jino limeshika au halikushika nitakwambia mbele huko. Usiruke mistari.

Ilikuwa Ijumaa, wiki mbili zilizopita. Mama yako alikuwa Nkoaranga kwenye semina ya akina mama wa kanisa, mimi na mwanao Silantoi tukabaki watawala wa boma. Asubuhi tukakamua. Mimi nakamua, yeye anamshika ndama asinyonye. Nilikuwa ndiyo namaliza yule ng'ombe mwekundu, ndama akainua kichwa ghafla kikampata mtoto mdomoni. Ndama wa miezi mitatu ana kichwa kama jiwe la msingi. Jino la mbele la juu, la kulia, likatoka zima na mzizi wake, likaanguka kwenye majani makavu.

Nilimsuuza mdomo, nikampa kitambaa safi ang'ate damu ikome. Hapo nilifanya vizuri, hata daktari alisema. Kisha nikaokota jino. Nikuulize, Ebenezer, wewe meno yako ya utoto nani aliyarusha? Ni mimi. Unaipa nyumba mgongo, unalirusha juu ya bati, unamwambia panya achukue bovu alete zuri. Hakuna jino lako hata moja ambalo panya alilikataa. Basi mkono ukafuata mazoea. Nikasikia tu, ti ti ti, juu ya bati.

Silantoi akatoa kitambaa mdomoni.

"Babu, hilo si la utoto. La utoto lilitoka nikiwa darasa la kwanza. Hilo ndilo panya alilolileta."

Nikamwambia panya hakosi mengine. Alifunika mdomo kwa mkono akakaa kwenye kigoda changu. Mwanangu, watoto wanaolia nimewazoea, nimewalea saba. Huyu hakulia. Alinitazama tu juu ya ule mkono wake, kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Mtoto wa miaka kumi, na hilo jino ni la kwenda nalo mpaka uzeeni. Mkaniachia mimi.

Nikamshika mkono, tukaenda kwa Lydia, yule jirani yetu wa mayai. Nilimchagua yeye kwa sababu kijana wake aliwahi kutokwa na jino mpirani, nikajua atakuwa na dawa. Swali lake la kwanza halikuwa la dawa.

"Jino liko wapi?"

"Limeondoka."

"Limeondoka limekwenda wapi, Baba Ebenezer?"

Nikanyoosha kidole juu, upande wa kwangu.

Lydia akalitazama paa langu. "Kijana wangu aliambiwa, mngelileta ndani ya maziwa kabla ya saa moja kwisha, lingerudi mahali pake. Wewe mzee mzima jino la mtu unampa panya. Lete ngazi."

Andika mahali kwamba nilipanda. Shuleni niliishia darasa la nne, lakini kwenye ngazi nilifika kidato cha tatu. Hapo magoti yakaomba udhuru. Lydia akajifunga kanga, akanipita kana kwamba mimi ni sehemu ya ngazi, akafika juu. Mimi nikashika ngazi chini isiteleze. Kazi nzito sana ile, sijui kwa nini hakuna aliyekusimulia.

Juu ya bati hapakuwa na kitu. Jino lilikuwa limeteremka mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua, na mfereji wenyewe umejaa majani ya mgrevilea ambayo mama yako ameniambia niyatoe tangu Pasaka. Ashukuru sikuyatoa, lingeingia kwenye tangi. Lydia akawa anayateka kwa viganja na kuyateremsha, Silantoi anayachambua chini kama mchele. Akaliona mwenyewe.

"Usiguse mzizi," Lydia akapiga kelele kutoka juu. "Shika pale pa kung'atia."

Tukalisuuza, tukalitia kwenye kikombe chenye mfuniko, ndani ya maziwa ambayo yalikuwa bado na joto. Yaani ndama kang'oa jino, mama yake kalitunza. Hata kwa ng'ombe mama ndiye anayelipa.

Gari la Lydia lilikuwa tayari na mayai ya kupeleka mjini. Siku zote huendesha kana kwamba amebeba maiti ya mchungaji. Siku hiyo matuta aliyahesabu kwa mayai. Mimi nyuma na trei mapajani, Silantoi mbele na kikombe, mkono mmoja juu ya mfuniko, mwingine juu ya mdomo. Nilifika nanuka kama keki ambayo haijaokwa.

Daktari ni binti mdogo anaitwa Bijal. Ukimwona utadhani bado anasoma. Kumbe ni mjukuu wa Shantilal, yule aliyekuwa ananiuzia majembe na kunifokea kwa lugha yetu vizuri kuliko nilivyoijua mimi. Huyu hakufoka. Hata foleni hatukupanga, alipoona kikombe tu akamwita Silantoi ndani.

"Limekaa nje muda gani?"

Lydia akamwambia dakika arobaini, robo saa kati ya hizo juu ya paa.

"Juu ya paa?" Daktari akanigeukia. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Ni wewe?"

"Ni panya," nikamjibu.

Silantoi akacheka, damu ikamtoka, tukafokewa wote wawili.

Alimpiga sindano ya ganzi, akalisafisha jino, akalirudisha kwenye tundu lake kama unavyorudisha mpini kwenye jembe. Kisha akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani, likae limeshikwa mabega na wenzake. Akampa dawa na sindano ya pepopunda. Akasema wazi kwamba haahidi kitu. Linaweza kushika, linaweza kukataa. Wiki mbili ale vyakula laini, asing'ate chochote kwa mbele, asafishe mdomo, kisha turudi tuone.

Tukawa tunaaga. Daktari akanitazama shavu.

"Na wewe Babu, hapo umeficha nini?"

"Ugoro."

"Upande wa kushoto tu? Tangu lini?"

Nikasema tangu juzi. Silantoi, na mdomo wake wa ganzi, akasema tangu Krismasi, na kwamba nalala na karafuu shavuni. Daktari akanipiga picha ya taya, akakuta gego limeoza mpaka chini na pembeni pana usaha. Akanipa vidonge, akasema litang'olewa siku ile ile ya Silantoi. Nikaitikia kwa sababu wiki mbili zilikuwa mbali.

Wiki mbili hizo, mwanangu, ndizo zilizonichapa. Mama yako alirudi akanisema mpaka sauti ikakauka, hiyo niliizoea. Ila Silantoi hakutoa mkono mdomoni. Mazoezi ya kwaya ya watoto hakwenda. Akicheka anacheka na kiganja. Anakula loshoro, yale mahindi yetu ya kupondwa na maziwa mgando, akiwa ametazama ukutani. Nami nikala loshoro naye kila siku, nikawaambia watu namtia moyo. Ukweli ni kwamba mahindi magumu nilishayaaga tangu Januari.

Jana basi tukaenda. Daktari akamwita Silantoi akae atolewe waya. Akakataa. Alikuwa anaogopa kwamba waya ukitoka na jino litaufuata.

"Aanze Babu," akasema. "Yeye ndiye mkubwa."

Nikakaa. Ningefanyaje? Wakanifunga kile kitambaa cha kifuani, wakakilaza kiti mpaka miguu ikawa juu kuliko akili. Nikaiona sindano. Nikamwomba daktari ruhusa niteme mate nje kidogo. Akasema pa kutemea papo hapo pembeni. Nikasema mate yangu ni ya nje.

Nilifika barabarani. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama mmoja muuza maparachichi, nayabonyeza kama mnunuzi. Yule mama akaniangalia kifuani.

"Mzee, umetoroka hotelini hujalipa?"

Kabla sijajibu Silantoi akatoka.

"Babu, daktari anasema jino haling'oki ukiwa huku."

"Mwambie nakuja."

"Bibi akiwa anakuita shambani ndivyo unavyosema."

Akanishika. Alinishika kama nilivyomfundisha kumshika ndama, karibu na bila kuvuta. Na kunishika mimi kulihitaji mikono miwili, kwa hiyo ule wa mdomoni akautoa. Ebenezer, mtoto alikuwa anacheka katikati ya mji, waya unang'aa, watu wanatuangalia, na hajali. Ningetoroka mara nne zaidi kama ningejua.

Nikarudi. Alinishikilia mkono muda wote. Nikamuuliza daktari ataanza saa ngapi, akanionyesha gego liko kwenye sahani. Basi na zamu ya Silantoi ikafika, akapanda kitini mwenyewe. Waya ukatoka. Daktari akalibonyeza jino kwa kidole, akaligonga kwa mpini wa kijiko chake kile kidogo, akalibonyeza tena. Mimi pamba mdomoni, siwezi hata kuomba Mungu kwa sauti.

"Limeshika," akasema.

Ndiyo hivyo, mwanangu. Jino la mwanao liko mdomoni mwake. Tutarudi wiki ijayo aanze kutibiwa mzizi, na daktari atakuwa analiangalia kila baada ya miezi kadhaa, lakini limeshika. Kesho anaimba kanisani, mstari wa mbele. Gego langu nalo nilipewa nije nalo. Silantoi alinisimamisha nikaipa nyumba mgongo, nikalirusha. Namsubiri panya.

Msalimie Hope, mwambie aache kulia, sasa alie kwa ajili ya gego langu. Mbusu yule mdogo. Mama yako anawasalimu, Lydia pia, bado ananidai pole ya mayai. Mungu awatunze huko kwenye joto, na awape watoto wenu meno ya ng'ombe dume.

Limebaki jambo moja dogo. Mama yako anajua kwamba jana nilikaa kitini kimya kama mhimili wa nyumba. Ndivyo nilivyomwambia, na tangu jana ananipa supu na kuniita mwanamume. Silantoi ameniahidi hatamwambia Bibi, lakini kuhusu wewe amekataa kuahidi, na kesho baada ya ibada atakupigia. Cheka unavyotaka, ila kwa mama yako lisifike. Utakumbuka mwaka ule taa ya baiskeli ya mwinjilisti ilipovunjwa kwa jiwe, mimi nilisimama mbele ya watu wote nikasema ni mbuzi. Mbuzi yule alichapwa, na alikufa na jina baya, na sikulitaja lako mpaka leo. Sasa zamu yako. Tafuta mbuzi.

Ni mimi baba yako nikupendaye, kwa meno yote yaliyobaki,

Lerionka