Kwa Baba Nhạn, Bwana wa Majimoto

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipolala usiamke, nasi tukazunguka shamba kufunga kitambaa cheupe kwenye kila mchenza, ili miti nayo ikuomboleze, isije ikanyauka kwa kumkosa mwenyewe. Mwanao Khương ndiye aliyefunga. Hakutaka kusaidiwa, na sababu tunaijua sote.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na mkono wazi. Jirani akiishiwa mchele, gunia lako lilikuwa lake. Lakini utumbo wa samaki hukumpa mtu. Huo ulikuwa wa majimoto wako, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota vya majani mitini. Kila asubuhi uliwatundikia matawini, kisha ukakagua kamba ulizofunga toka mti hadi mti ili wapite bila kushuka chini. "Adui wa mdudu ni mdudu," ulisema, na kweli viwavi hawakupata pa kukaa. Ulichuma machenza umejipaka majivu mikononi, na bado waliku­uma. Mama alikutania: "Wewe mzee, hao umewafuga au umewaoa?"

"Nimewaoa. Wanauma, lakini hawanuni."

Kisha ukalazwa hospitali Cần Thơ, Tết, sikukuu ya mwaka mpya, ikiwa imekaribia. Khương aliona viwavi wachache kwenye machipukizi, akaogopa mavuno yasije yakaharibikia mikononi mwake nawe hupo. Akapulizia sumu shamba zima. Hakuwa na nia mbaya, Baba. Viwavi walikufa, na majimoto wote wakafa pamoja nao.

Uliporudi ulikwenda moja kwa moja kwenye mchenza wa ukingoni mwa mfereji, ukalikumbatia shina kwa mikono mitupu, ukangoja majimoto. Hukufoka. Ulimgeukia tu ukamwuliza, "Mbona siumwi, mwanangu?"

Wiki tatu baadaye ukatutoka, swali likabaki na Khương. Majuto ni mjukuu.

Tangu hapo hajagusa bomba la sumu. Mara mbili aliomba kiota kwa Mzee Bảy wa ng'ambo ya mfereji, na mara mbili majimoto walikufa, kwa kuwa sumu ilikuwa bado imo. "Acha mvua zioshe kwanza," mzee alimwambia. "Babako alijenga kwa miaka, wewe unataka kwa wiki?" Kiota cha tatu alikitundika mvua zilipokwisha, akawalisha utumbo kila asubuhi kama ulivyofanya, wala hakumwambia mtu.

Jana, baada ya kukuandalia chakula cha kumbukumbu ya mwaka, tulitoka kuivua miti msiba. Khương alianzia mchenza wa ukingoni. Alishika kitambaa akapiga ukelele. Majimoto walikuwa wamekishona ndani ya kiota, majani na kitambaa pamoja, na sasa walimpanda mkono hadi kwapani. Machozi yalimtiririka.

"Wapanguse basi!" Mama akamkimbilia. "Mtu mzima unalilia majimoto?"

"Waache, Mama," alisema, mkono ukiwa bado juu. "Waache waume."

Wanaokukumbuka ni mkeo Diệp, mwanao Khương, binti yako Lụa na mumewe, wajukuu zako wawili, na Mzee Bảy, ambaye bado anadai kwamba machenza yake ni matamu kuliko yako.

Miti yote tumeivua msiba, isipokuwa mmoja. Hatutakusahau kamwe, Baba. Tunaumwa tena.